Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Moshi, Kuhusu Upimaji wa Lengo la Nishati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Moshi; Mkuu wa Shule; walimu wetu, wazazi na walezi; wanafunzi wenzetu.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Muhula huu klabu yetu imejifunza namna nchi zinavyopimwa katika Lengo la 7 la Maendeleo Endelevu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 ili kufikia mwaka 2030 kila mtu awe na nishati ya kisasa, ya uhakika, endelevu na ya gharama anayoimudu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miongoni mwa vipimo vya lengo hilo ni asilimia ya watu waliofikiwa na umeme, asilimia ya wanaotegemea nishati safi kupikia, na sehemu ya nishati jadidifu, yaani ile inayojirudisha kiasili kama ya maji, jua na upepo, katika matumizi yote ya nishati ya nchi. Hiki cha mwisho kimetusumbua sana. Kuni na mkaa navyo huhesabiwa humo kuwa nishati jadidifu, na kwa sababu hiyo nchi ambayo kaya zake nyingi bado zinapika kwa kuni inaweza kuonekana imezitangulia nchi za viwanda, ilhali moshi uleule unawaumiza mama zetu macho na kifua. Kwa maoni yetu, takwimu hiyo isitangazwe kamwe bila ile ya nishati safi ya kupikia kuwekwa kando yake.

Kipimo cha umeme nacho kinahitaji uangalifu. Tulipotembelea kaya za Uru na Kibosho tulikuta umeme umefika, taa zinawaka na simu zinachajiwa, lakini chakula kiko kwenye mafiga kwa kuni za kihambani, yaani shamba la nyumbani, na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inanunuliwa kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana. Ukiuliza tu kama kaya ina umeme au haina, kaya hizo zinalingana na ile inayopikia umeme kila siku. Benki ya Dunia imeandaa mfumo wa ngazi, kuanzia 0 hadi 5, unaotazama pia saa za upatikanaji wa umeme, nguvu yake, uhakika wake na kama mtumiaji anaumudu. Tunaona huo unasema kweli zaidi kuhusu maisha ya watu.

Tunaipongeza Serikali kwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Hata hivyo, mtungi wa gesi uliogawiwa, ukaisha na kuwekwa uvunguni, haujambadilishia mpishi chochote. Kinachostahili kuhesabiwa ni mtungi unaojazwa tena.

Kwa hiyo tunakuomba, Mheshimiwa, watendaji wa kata na vijiji wanapokusanya taarifa za kaya waulize nishati inayotumika zaidi kupikia na mara ngapi gesi hujazwa; wanachama wetu wako tayari kusaidia kazi hiyo wakati wa likizo. Tunakuomba pia utusaidie kupata majiko ya nishati safi, kwa kuwa makande na ugali wa shule yetu bado vinapikwa kwa kuni, na wapishi wetu ndio wanaoubeba moshi huo kila siku.

Tunaomba kuwasilisha.