Chumvi ya mama haikuzidi

Ndugu Mhariri, salaam nyingi toka huku Kigoma mwisho wa reli. Naomba nafasi ukurasa wa barua na naomba radhi mapema kama itakuwa ndefu, maana hili jambo nimekaa nalo moyoni muda na sijui kulisema kwa kifupi.

Kuna msomaji mwenzetu wiki mbili zilizopita aliandika humu kwamba wanawake wa siku hizi hawajui kupika, kwamba mboga zao aidha maji matupu aidha chumvi tupu, mwanaume anarudi kachoka anakuta kitu hakiliki. Simjui na sina ugomvi naye, ila nilipofika pale kwenye chumvi niliacha cherehani nikaweka gazeti pembeni, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kumwambia mama yangu mzazi nikiwa na miaka kama kumi na mbili, nikasukuma na sahani juu yake, na maana ya nilichokisema nimekuja kuijua nikiwa na miaka arobaini na moja, na aliyenifanya niijue ni mwanamke wa Kivietnam.

Huyu dada alihamia nyumba ya jirani hapa Mwanga mwaka 2022, mumewe alikuwa fundi wa minara wa Halotel, ile kampuni ya simu ya kwao iliyoanza huduma hapa nchini 2015. Kiswahili alishajifunza Dar kabla ya kuletwa huku. Siku ya kwanza tunaonana, hata majina hatujaulizana, akaniuliza una miaka mingapi. Yani nilikasirika, nikamjibu kwa mkato nikaingia ndani. Baadae ndo akanieleza kwamba kwao huwezi kuongea vizuri na mtu bila kujua umri wake, hawana "wewe" moja ya kumpa kila mtu, lazima ujue huyu ni dada au mdogo au shangazi au babu ndo sentensi ianze. Nilimzidi miaka miwili. Toka hapo mimi nikawa chị, yani dada mkubwa, na yeye nikamwita mdogo wangu, na sisi ambao mtoto akitupita bila shikamoo tunamrudisha, hilo wala halikunisumbua kulielewa.

Ila kuna jambo lilinisumbua. Wiki za mwanzo nilimpelekea ugali wa muhogo na mawese na dagaa, kama tunavyomkaribisha mgeni huku, akala dagaa wote akaramba na mawese, ugali ukarudi kama ulivyoenda. Nilinyamaza lakini niliumia. Nikasema moyoni huyu anatudharau.

Dagaa ndo waliotuweka karibu. Alipowaona sokoni alifurahi kama kakutana na ndugu, akaniambia kwao samaki wadogo namna hiyo wa baharini hawaishii kuanikwa, wanapangwa kwenye mapipa makubwa ya mbao na chumvi, samaki mafungu matatu chumvi fungu moja, wanakaa humo mwaka na zaidi mpaka yanachuruzika maji ya rangi ya chai, wanaita nước mắm, na hayo ndo chumvi ya kila jiko la Vietnam. Alikuwa nayo chupa moja analetewa toka Dar, anaitumia kwa kijiko kidogo kama dawa. Harufu yake kali, lakini mimi nimezaliwa Kibirizi mwaloni, harufu ya dagaa ndo ya kwetu.

Siku moja akasema dada leo nakupikia samaki wa mama. Nilileta migebuka miwili. Kwenye chungu kikavu aliweka sukari vijiko viwili, nikamwambia sukari kwenye samaki? akasema subiri. Akaiacha sukari ikayeyuka, ikawa ya kahawia, ikaanza kutoa moshi, mimi naona inaungua yeye hana wasiwasi, halafu akamwagia nước mắm ikalia shaaa chumba chote kikajaa harufu, akapanga vipande vya mgebuka, tangawizi iliyopondwa, pilipili manga ya kutwanga, maji kidogo, kisha akatoa mkaa kwenye jiko akabakiza makaa matatu manne. Ikakaa saa nzima na nusu mpaka mchuzi umekauka umeganda kwenye samaki, mweusi unang'aa. Tukala na wali. Mtamu, lakini chumvi! Nikamwambia mdogo wangu, leo chumvi imekuzidi. Akatikisa kichwa. Akasema hapana dada, ndivyo ilivyo, samaki kidogo wali mwingi, mama alitaka kipande kimoja kitoshe bakuli tatu za wali.

Nililisikia lile neno likapita tu.

Likanirudia mwaka 2024. Wasomaji mnakumbuka Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zote nne kwa pamoja, sisi na Kongo na Burundi na Zambia, ili samaki wazaliane. Nia ilikuwa njema na silaumu, ila mtu wa Kigoma miezi mitatu bila mitumbwi kutoka, bila taa kule majini usiku, usiombe. Dagaa wakavu waliobaki wakapanda bei mpaka nikawa nanunua kikombe kimoja kwa watu sita. Sasa jioni moja niko jikoni, nimekaanga kitunguu, dagaa nawaona wamepotea kwenye sufuria, nikajikuta naongeza maji, nikaongeza chumvi, nikaongeza tena, mkono unaenda wenyewe bila mtu kunifundisha. Tukakaa kula. Mwanangu wa mwisho akaonja akasukuma sahani akasema mama, mboga imezidi chumvi.

Mhariri, nilishindwa kumeza. Niliondoka nikaenda kukaa kibarazani kwa mdogo wangu, na jioni ile ndo akanisimulia habari za mama yake.

Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mji wa Vinh, mkoa wa Nghệ An, mji ambao mabomu ya Wamarekani yaliubomoa karibu wote. Vita viliisha tarehe 30 Aprili 1975 lakini njaa haikuisha tarehe hiyo. Kwa miaka kumi na zaidi, mpaka miaka michache baada ya serikali yao kubadili sera za uchumi mwaka 1986, chakula kilikuwa cha kuponi, mchele kuponi, nyama kuponi, mafuta ya taa kuponi, kitambaa kuponi, na kuponi ikipotea umekwisha. Mchele wenyewe ulikuja wa zamani umeingia wadudu, tena hautoshi, unachanganywa na muhogo na viazi vitamu na mtama, sufuria ikifunguliwa unaona muhogo, mchele umeugandia pembeni kidogo. Watu walianza kupanga foleni usiku wa manane na mama mwenye mtoto analia nyumbani aliweka tofali mahali pake, tofali limeandikwa jina lake, likamshikia zamu. Baba yao alirudi toka vitani na ugonjwa hakudumu, mama akabaki na watoto wanne. Mdogo wangu alizaliwa 1985 kwa hiyo foleni hazikumbuki, ila muhogo anaukumbuka, maana muhogo kwao uliendelea miaka mingi baada ya kuponi, na mama yao alikuwa akipakua anawapa watoto ule upande wenye wali halafu yeye anakula muhogo na ukoko. Wakimuuliza anasema ndo anaoupenda.

Akaniambia dada, siku ile ya ugali wako nilitaka kula, mkono ukakataa.

Miaka miwili nilikuwa nimeweka kinyongo juu ya sahani ile.

Kesho yake nikapanda bodaboda kwenda kwa mama Kibirizi. Mama yangu ana miaka sabini sasa, amelea watoto saba kwa kuanika dagaa. Kwa asiyejua hiyo kazi, unadamka alfajiri mitumbwi inaingia, unagombea ndoo ya dagaa wabichi na wenzio mia, unawamwaga juani, unakaa nao, unawageuza, unafukuza kunguru, na wingu likitokea upande wa Kongo unakimbia kukusanya maana mvua ya dakika kumi inakuharibia mtaji wa mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawatoki, kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo hela haipo kabisa, na watoto siku hizo wanakula vile vile. Baba alikuwa kuli bandarini, meli ikija ana hela isipokuja hana, na yeye ndo alianza ile ya kusukuma sahani, sisi watoto tukaiga.

Nilimsimulia mama habari ya tofali. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mkono ukasimama. Akasema, "Sisi tulikuwa tunaweka mawe. Langu lilikuwa na doa jeupe, nilikuwa nalitoa nyumbani maana watu walikuwa wanabadilisha." Hiyo ilikuwa ile miaka baada ya vita ya Kagera, mimi kichanga mgongoni, sukari hakuna, sabuni hakuna, unga ni ule wa njano watu wakiuita yanga. Miaka yote hiyo sijawahi kusikia habari ya hilo jiwe. Hatukuwahi kumuuliza.

Nikamuuliza na chumvi. Akasema, "Mwanangu, dagaa kikombe kimoja na sisi tuko tisa na baba yenu. Ningeweka chumvi ya kawaida ungemaliza dagaa na tonge tatu. Ugali ndo niliokuwa nao. Na chumvi ilitoka hapo Uvinza, hiyo sikuwahi kuikosa." Akaendelea kuchambua mchele.

Kwa hiyo kaka yangu uliyeandika, mimi sikatai kwamba wapo wasiojua kupika, wapo. Ila kabla hujasukuma sahani fungua kwanza kopo la unga uangalie kilichobaki, halafu uliza ile mboga imegawanywa kwa watu wangapi, na aliyepika amekula saa ngapi na amekula nini. Na nenda ukapulize moto wa kuni mbichi mara moja tu. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi mwezi Mei 2024, wanasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na mimi naunga mkono kwa moyo wote, lakini mama yangu macho yameshakuwa mekundu muda mrefu. Tulimnunulia mtungi wa gesi, anachemshia chai, maharage bado anapika kwa kuni, anasema maharage yatamaliza gesi yetu.

Kule Vietnam tarehe 20 Oktoba ni siku ya wanawake wa kwao, wanakumbuka umoja wao ulioanzishwa 1930. Siku hiyo mumewe mdogo wangu alipika yeye, na sisi tulialikwa. Kabla ya kula, watoto wake walianza kukaribisha mmoja mmoja kuanzia mkubwa wa umri, karibu bibi ule (hapo bibi ni mama yangu, nilienda naye), karibu shangazi ule, karibu baba, karibu mama, hakuna aliyegusa chakula mpaka wamemaliza. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini wanasema nini, nikamwambia wanakukaribisha. Akajifuta mikono kwenye kitenge ingawa alishanawa.

Baada ya kula mdogo wangu akatuonyesha kwenye simu picha ya bibi mmoja wa mkoa wa Quảng Nam, Nguyễn Thị Thứ, ambaye watoto wake tisa wa kiume walikufa vitani, kuanzia vita vya Mfaransa mpaka vya Mmarekani. Alifariki 2010 akiwa amepita miaka mia. Kwenye picha amekaa mbele ya chakula na mbele yake kuna bakuli tisa tupu na vijiti jozi tisa. Mama hakusema kitu, alikuwa anahesabu bakuli kwa kidole juu ya kioo, akifika tisa anaanza upya.

Mdogo wangu aliondoka mwanzoni mwa 2025, mumewe kahamishwa. Aliniachia kile chungu, na chupa yenye vijiko kama vitatu hivi vya nước mắm ambavyo sijavitumia.

Mhariri, ombi langu moja, kama barua hii itatoka naomba itoke toleo la Jumamosi. Kaka yangu hununua gazeti Jumamosi tu, na akimaliza michezo humsomea mama ambaye macho hayaoni herufi tena. Kaka, ukifika hapa soma polepole.

Mama, shikamoo. Ni mimi, yule wa tatu. Ile mboga ya siku ile nyumba ya zamani, mvua imeharibu dagaa wako wote asubuhi, ukapika wale waliobaki, nikasukuma sahani nikasema imezidi chumvi, wewe ukaichukua ukala mwenyewe ukanipa maji. Haikuzidi mama. Asante. Jumapili nakuja, usipike, nakuja na migebuka na kile chungu, na mkaa nabeba mwenyewe.

Fundi cherehani,
Mwanga, Kigoma.