Tusiishie kuhesabu watu getini

Ndugu Mhariri,

Kila Desemba wazazi wa Mwanza wanapoanza kusaka sare za shule, sisi wa karakana tunakesha. Nasimamia mafundi cherehani hapa Igoma, na ninaandika kwa ajili ya wenzetu wenye ulemavu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila nimewahi kuona fundi akipokelewa kwa makofi, na miezi miwili baadaye akaondolewa kwa kuitwa mzembe.

Hakuwa mzembe. Alikuwa kiziwi, na msimamizi wake nilikuwa mimi. Asubuhi moja vipimo vya kola vilibadilishwa. Tulitangaziana kwa mdomo, cherehani zikinguruma, na hakuna aliyemgusa bega kumwonyesha. Akashona mashati 30 kwa kipimo cha jana. Kwetu malipo ni kwa kipande, kwa hiyo siku ile alifumua hadi jioni akarudi nyumbani mikono mitupu. Nilinyamaza. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ninakofanya kazi sasa, hakuna badiliko linaloanza bila sampuli iliyokwisha kushonwa kutundikwa mbele ya mafundi wote. Hata wanaosikia wamefaidika, maana kufumua kumepungua. Viziwi wawili tulio nao wanatufundisha Lugha ya Alama wakati wa chai. Bado tunababaisha, lakini "pindo", "kifungo" na "rudia" tunaelewana.

Fundi mwenye ualbino naye mara nyingi ana uoni hafifu. Usimketishe dirishani jua la mchana likampiga usoni. Mfungie taa ndogo karibu na sindano, mpe kioo cha kukuzia, na suruali nyeusi za uzi mweusi mpe mwingine. Yeye ashone mahali anapoona mshono wake. Asiyeweza kutumia miguu, pedali ya cherehani ndogo ya umeme huwekwa juu ya meza akaibonyeza kwa kiwiko. Mafundi wa mitaani wanafanya hivyo, wala hawakusubiri semina.

Wapo wanaosema watu hawa wajiajiri kwa mikopo ya halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili yao. Ni vyema kwa anayetaka biashara. Lakini yupo asiyeitaka, anayetaka kazi ya uhakika na michango yake ya NSSF kama mimi. Kwa nini yeye tu ndiye alazimishwe kuwa mfanyabiashara?

Ombi langu ni kwa wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Mkija viwandani kwetu mnakagua mitungi ya kuzimia moto na milango ya dharura, na tunawashukuru. Safari ijayo, pigeni kengele ya hatari huku mashine zote zinaendelea, kisha mtazame viziwi wamekaa wapi na nani ameinuka kwenda kuwaita. Sisi tuliomba taa nyekundu inayowaka pamoja na kengele. Bado hatujafungiwa.

Msimamizi wa ushonaji,
Igoma, Mwanza