Gongo la softiboli si sare ya shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi, walimu wa michezo na manahodha wa timu za softiboli hapa Dar es Salaam kuhusu ununuzi wa magongo ya kupigia mpira. Mtoto akinunuliwa sare kubwa, atakunja mikono mwaka huu na mwakani itamkaa. Gongo halikunjwi. Ukimpa msichana wa miaka 12 gongo la inchi 34 ili "akue nalo", miaka yote ya kusubiri anajizoesha kupiga vibaya, na mazoea hayo hayamtoki hata mwili ukishalimudu.

Tazama maandishi ya kwenye gongo kabla ya kutazama rangi. Utakuta namba kama 32/22, na pembeni -10. Ya kwanza ni urefu kwa inchi, ya pili ni uzito kwa wakia, na wakia moja ni gramu 28 na kidogo. Gongo hilo basi lina sentimita 81 na gramu 624 hivi. Ile -10 ni pengo kati ya uzito na urefu. Pengo likiwa -8, gongo la urefu uleule litafika gramu 680. Ukilishika dukani, gramu 56 za ziada huzioni, lakini ukilizungusha zinaelemea mikono, maana nyingi ziko kule mbali kwenye tumbo la gongo. Kwenye mitumba namba mara nyingi zimefutika. Pima urefu kwa tepu ya fundi cherehani kutoka kitako (mwisho wa mpini) hadi ncha, kisha omba mizani ya dijitali ya muuza duka.

Uzito unadai heshima kuliko urefu kwa sababu ya muda. Katika softiboli ya wanawake mrushaji anasimama mita 13.1 kutoka kituo cha nyumbani, anaposimama mpigaji, na akirusha kwa kilomita 80 kwa saa, mpira unafika ndani ya nusu sekunde na ushei. Katika muda huo mpigaji auone, aamue, ndipo azungushe. Gongo zito linaanza kuchelewa pale pale mwanzo. Dalili zake hazifichiki: anayepiga kwa mkono wa kulia mipira yake yote inakimbilia kulia, upande wa kituo cha kwanza, mingi ikiwa nje ya mstari. Ncha inashuka kabla ya kugusana na mpira, kiwiko kinabana mbavuni, mabega yanatangulia. Kocha anapiga kelele "fungua mapema!" wakati kosa liko kwenye gramu. Gongo refu mno nalo linajitaja: mpira unaokuja karibu na mwili unagonga karibu na mpini na viganja vinaungua kwa mtetemo. Fupi mno, mpira wa pembe ya nje unapita bila kuguswa. Jepesi kupita kiasi pia si dawa, kwa sababu mpigaji mwenye nguvu analiwahisha, na mipira yake inabiringika chini tu.

Kupima hakuhitaji fundi. Mchezaji asimame wima, aweke kitako cha gongo katikati ya kifua, alilaze gongo kwenye mkono ulionyooshwa ubavuni. Ncha ikifika kwenye vidole, urefu unafaa. Ikivipita, punguza inchi moja. Kisha alishike mpini kwa mkono wenye nguvu, alinyooshe pembeni usawa wa bega, na ahesabiwe sekunde 20. Mkono ukitetemeka au ncha ikianza kuinama kabla ya hapo, gongo ni zito. Halafu azungushe mara kumi mfululizo. Mbili za kwanza zipuuze, kila mtu anazipendezesha. Angalia ya tisa na ya kumi.

Kwa kukadiria, wa miaka 9 au 10 anaanzia inchi 28 au 29, wa 11 na 12 kati ya 29 na 31, wa kidato cha kwanza na cha pili 31 au 32, na watu wazima 33 au 34. Sheria haziruhusu kuzidi 34. Wadogo wapewe pengo la -11 hadi -13. Pengo la -10 linawafaa wengi, na -8 au -9 ni kwa aliyekomaa mabega. Makadirio haya yakigombana na lile jaribio la sekunde 20, fuateni jaribio.

Magongo mawili ya uzito mmoja yanaweza kuwa tofauti kabisa mkononi. Laza kila moja juu ya kidole kimoja hadi litulie: lile linalotulia karibu zaidi na ncha ndilo litakalomchosha mtoto. Na wanaofunga mpini kwa ukanda mnene wa tyubu ya baiskeli wajue wanaongeza uzito na kuunenepesha mpini hadi vidole vifupi vishindwe kuuzunguka.

Uwanja wa Azania unakutanisha besiboli na softiboli, na magongo yanachanganyika kirahisi. Zungusha tepu kwenye sehemu nene kabisa. La softiboli halizidi sentimita 18 kwa mzingo, kwani kipenyo chake kikomo ni inchi 2.25. Magongo mengi ya besiboli yanakaribia 21. Hayo hayaruhusiwi kwenye mechi ya softiboli.

Shule yenye fedha za magongo matatu isinunue matatu ya inchi 34. Inunue la 30, la 32 na la 33, yote -10, ifunge utepe wa rangi tofauti kwenye kila moja, na daftari la mahudhurio lionyeshe rangi ya kila mchezaji. Kipimo kirudiwe kila muhula. Wakati wa kusubiri jipya, aliyelemewa ashike mpini sentimita 3 juu ya kitako.

Mkufunzi wa softiboli,
Upanga, Dar es Salaam