Barua kwa Wazazi: Kufungwa kwa Muhula wa Pili

Kwa wazazi na walezi wote,

Assalamu aleikum, na hamjambo nyote.

Tunafunga leo. Matokeo mtayaona kwenye ripoti, na karo iliyobaki imeandikwa chini yake. Aliye na shida aje ofisini tuzungumze, asimzuie mtoto nyumbani. Choo kipya cha wasichana kimekamilika.

Sasa niwape fahari yangu. Juma la Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo huwa tarehe 20 Juni, mwalimu wa Historia aliwafundisha Kidato cha Pili tofauti ya mkimbizi, mhamiaji na mtu asiye na uraia wa nchi yoyote. Kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma aliwaonyesha kwenye ramani, kisha akamleta darasani mzee wa Kimakonde wa hapa hapa kwetu Kwale. Babake alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge enzi za Mwingereza. Mzee mwenyewe amezaliwa hapa, ameoa hapa, anachonga vinyago hapa, lakini mpaka mvi zinamtoka hakuwa na kitambulisho. Hata laini ya simu alisajiliwa na jirani. Oktoba 2016 alikuwa miongoni mwa waliofunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi. Walifika Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Leo Wamakonde ni kabila la 43 la Kenya.

Akakitoa kitambulisho chake mfukoni, amekifunga kwenye nailoni. Kikapita mkono kwa mkono mpaka dawati la nyuma. Vijana wasionyamaza hata gwarideni walinyamaza. Msichana mmoja akauliza, "Babu, kabla ya hiki ulikuwa nani?" Mzee akamjibu, "Mimi huyu huyu, ila askari alikuwa haamini." Insha walizoandika baadaye ni bora kuliko zote nilizosoma tangu nishike shule hii.

Ndiyo maana lililofuata limeniuma sana. Wavulana wawili wa Kidato cha Tatu walichukua bikari wakachora juu ya dawati la msichana mwenzao: "Rudi kwenu Msumbiji." Msichana huyo hakuja shule siku nne. Nilipowaita wazazi, mmoja akaniambia ni utani. Utani una watani wake, ndugu zangu, na mtani hurudisha. Huyu mtoto alirudisha nini? Alijifungia chooni akalia mpaka kengele ya mwisho. Mzazi mwingine alikuja kumtoa mwanawe katika somo lile, eti tunafundisha siasa. Kifungu cha 27 cha Katiba yetu kinakataza kumbagua mtu kwa rangi au asili yake. Cha 53 kinampa kila mtoto jina na uraia tangu anapozaliwa, na elimu ya msingi bila malipo. Hayo nitaendelea kuyafundisha.

Na tusidanganyane: maneno yale watoto hawakuyatoa vitabuni. Wameyasikia barazani, kwenye matatu, na nyumbani wakati wa chakula cha usiku. Wadigo wenyewe wako pande zote mbili za mpaka wetu na Tanzania pale Lungalunga, na aliyeuchora mpaka hakumuuliza mtu.

Wavulana wamelipiga dawati msasa na kulipaka vanishi mbele ya wazazi wao, kisha wakamwomba radhi mwenzao. Msichana amerudi kulikalia, mstari wa pili karibu na dirisha. Atakayerudia kosa hili atasimama mbele ya Bodi, wala mzazi asije kwangu kumwombea.

La mwisho ni vyeti vya kuzaliwa. Vinahitajika kumsajili mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na bado wapo wasionavyo, wa kila kabila. Likizoni nitakuwa ofisini Jumanne na Alhamisi asubuhi. Njooni na kadi ya kliniki. Kama haipo, njooni hivyo hivyo, tuandikiane barua ya kupeleka kwa chifu. Mlangoni hamtaulizwa mlikotoka.

Wenu,
Mwalimu Mkuu