Unataka Chombo cha Kubeba Nini?

Leipzig, 9 Februari 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na baridi ya mwaka huu haikunisumbua kama ile ya miaka ya mwanzo. Msalimie mama sana, na umkumbushe kwamba dawa za presha hazikatizwi kwa kuwa mtu ameamka akijisikia vizuri. Barua hii ningependa uisome kwa sauti akiwa karibu, kwa maana nitamtaja baba, na najua jinsi mama anavyofarijika kusikia baba akitajwa.

Ulipopiga simu wiki iliyopita uliniambia kwamba unataka kuja Ujerumani. Nilipokuuliza unakuja kufanya nini, ulijibu, "Lolote litakalopatikana, dada, bora niondoke." Nilinyamaza, nawe ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Nilinyamaza kwa sababu jibu hilo lilikuwa langu mwenyewe, neno kwa neno, mwaka 2017, nami najua lilinila miaka mingapi.

Wewe ulikuwa mdogo, lakini mimi nilikuwa nimeshapata akili wakati nilipokuwa nikimpelekea baba chai ufukweni Matondoni, alikokuwa akiunda vyombo vya baharini. Baba hakuchora chombo kwenye karatasi hata siku moja. Vipimo vyote vilikuwa machoni na mikononi mwake. Hata hivyo, hakulaza chini mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, kabla ya kumkalisha mwenye mali kwenye gogo na kumuuliza swali moja: "Unataka chombo cha kubeba nini?" Mtu wa kupakia mawe ya Manda alihitaji tumbo pana, mtu wa kuvua nje ya miamba alihitaji omo, yaani sehemu ya mbele, ya kukata mawimbi, na mtu wa kupita mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yamekupwa alihitaji chombo kisichozama sana. Jibu likishapatikana ndipo baba alipokwenda kutafuta miti, akichagua ile iliyopinda yenyewe kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa kuwa sasa alijua ni mpindo gani anaoutafuta. Namkumbuka tajiri mmoja aliyejibu kwamba anataka chombo kizuri tu, chochote kile. Baba alimrudishia arbuni yake. Mama alikasirika, kwani nyumbani unga ulikuwa umekwisha, naye baba akamwambia kwamba chombo kisichojulikana kazi yake hujengwa mara mbili.

Mimi nilijengwa mara mbili. Nilifika hapa kama yaya wa mwaka mmoja katika familia yenye watoto wawili, nikiwa na Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani salamu, namba na majina ya vyakula. Mwaka ulipokwisha niliingia katika mwaka wa kujitolea kwenye nyumba ya wazee, kwa kuwa wenzangu waliingia huko. Huo nao ulipokwisha nilijiandikisha kwenye kozi ya lugha, kwa kuwa bila kujiandikisha mahali fulani nisingepata kibali cha kuendelea kukaa. Kila hatua ilikuwa halali na ilikuwa na uchovu wake, lakini hakuna hata moja niliyoichagua. Fedha nilizowatumia hazikuwa na mpango. Nyingine tulizila, nyingine zilizika watu, na hizo sizijutii, ila nilipokaa kuhesabu sikuona hata kitu kimoja ninachoweza kukionyesha kwa kidole.

Kisha, mwaka 2019, nikafeli mtihani wa Kijerumani wa B2, ngazi ya nne kuanzia A1. Usidhani nilikuwa mvivu, kwani nilisoma kila siku. Mtihani huo hupima kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, nami kila jioni nilijifunza lile lililonipendeza: nilitazama tamthilia, nilisikiliza redio, nilizungumza na watu kwenye tramu. Kuandika, ambako ndiko kulikonishinda, sikukugusa. Bidii yangu yote ilikwenda mahali ambapo sikuwa na shida. Siku nilipopata matokeo nilikaa kwenye benchi la kituo cha tramu, nikaacha tatu zipite, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani nikajiuliza swali la baba.

Njiani kurudi nilinunua daftari. Bado ninalo, lina kava la bluu, kona zake zimelika na ukurasa wa kwanza una doa la chai. Kwenye ukurasa huo niliandika sentensi moja tu: "Septemba 2020 niwe mwanafunzi wa uuguzi." Baada ya hapo nilihesabu kurudi nyuma, na kazi hiyo ya kuhesabu kurudi nyuma ndiyo ninayotaka uielewe kuliko yote niliyoyaandika humu. Ili niingie darasani Septemba, ilinibidi niwe na cheti cha lugha kabla ya kuomba nafasi. Ili nipate cheti, ilinibidi nifanye mtihani mwezi Januari. Na ili nifaulu kuandika, ilinibidi niandike insha mbili kila wiki na kumpata mtu wa kuzisahihisha. Insha mbili zilihitaji siku mbili, na siku hizo hazikuwepo mpaka nizitoe mahali. Nilizitoa kwenye Jumamosi tulizokuwa tukipika pilau pamoja na Wakenya wenzangu, na kwenye zile simu zetu ndefu za Jumatano. Mama alilalamika kwamba nimebadilika. Iliniuma, na sikujua kumweleza, kwa hiyo naomba umweleze leo.

Nilifaulu mtihani, nikaingia mafunzo ya miaka mitatu ambayo hapa huitwa Ausbildung, yenye saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za kazi wodini na kwenye nyumba za wazee, huku mwanafunzi akilipwa kila mwezi. Humo nikakuta kwamba uuguzi wenyewe hufundishwa kwa swali lilelile. Kila mgonjwa ana mpango wake wa huduma ulioandikwa, na ndani yake kuna malengo. Mara ya kwanza nilipoandika lengo la mzee mmoja aliyevunjika nyonga, niliandika: "Atembee vizuri zaidi." Mwalimu aliikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, akaniuliza vizuri kiasi gani, kufikia lini, na nani atajuaje. Niliiandika upya kwamba kufikia tarehe fulani mzee huyo atatembea mita kumi kutoka kitandani hadi dirishani, akijishikiza kwenye kigari chake, bila kushikwa na mtu. Yule mzee alipoelezwa kwamba mwisho wa safari ni dirishani, aliuliza kama bustani inaonekana kutoka hapo. Kesho yake aliomba mwenyewe kuamshwa mapema. Sentensi ya kwanza isingemwamsha, kwani ndani yake hapakuwa na mahali pa kufika.

Sasa nirudi kwako. "Kwenda nje" ni kama ile "vizuri zaidi" yangu. Umenieleza kwamba vijana wa mtaani wanazungumzia kazi 250,000 zinazowasubiri Wakenya huku. Mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024 ni wa kweli, na unawafungulia mlango wenye ujuzi na wanaotaka kujifunza kazi, lakini haukutaja idadi yoyote ya kazi, na serikali ya Ujerumani yenyewe iliikanusha idadi hiyo hadharani. Wanaokuja kwa mafunzo ya kazi kwa kawaida hutakiwa kuwa wamefika ngazi ya B1 ya Kijerumani, ya chini kidogo ya B2, kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo wakala yeyote atakayetaka fedha zako bila kukuuliza Kijerumani chako kimefika wapi, muache aende zake.

Wewe una mkono wa mashine. Nahodha anayeleta boti kwako imezimika huondoka nayo ikinguruma, na jambo hilo hukujifunza shuleni. Je, unataka karakana yako mwenyewe hapo Lamu? Unataka kuzijua mashine za magari, ambazo mafunzo yake hapa ni miaka mitatu na nusu? Au unataka kazi ya meli kubwa? Haya ni matumbo matatu tofauti, na kila moja lina miti yake. Ikiwa ni karakana ya mashine za boti, huenda ukahesabu kurudi nyuma ukagundua kwamba safari yako ni ya Mombasa tu, miaka miwili ya chuo cha ufundi na mtaji wa vifaa, na mimi nitakuwa radhi kuichangia hiyo kuliko nauli ya kuja kuosha vyombo kwenye mkahawa wa Leipzig. Ikiwa ni Ujerumani kweli, nitakulipia kozi ya A1, na baada ya hapo tutaangalia umefika wapi kabla ya kulipia ya pili. Sikuwekei masharti kwa ubahili. Nimewaona hapa watu wazima, wenye akili kuliko mimi, ambao kila mwaka husema watarudi mwaka ujao kuanza kitu, na kitu chenyewe hawajakipa jina. Wazee wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nami nimeshajipangia marejeo yangu: Desemba 2029, nikiwa na akiba ya kufungua nyumba ndogo ya kuwatunza wazee wetu wasio na mtu wa kuwageuza kitandani. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la sasa unasema hivyo, na kila mshahara unapoingia huutazama huo kwanza kabla sijatazama duka lolote.

Nunua daftari, mdogo wangu. Kaa kwenye gogo la baba, kama bado lipo, na uandike jibu la swali lake kwa sentensi moja yenye tarehe. Usinitumie sentensi ya kunifurahisha mimi. Ukishaiandika, hesabu kurudi nyuma mpaka ufike wiki hii, uone Jumatatu inakutaka ufanye nini na uache nini, kisha upige picha ukurasa huo unitumie. Nina zamu za asubuhi mpaka Alhamisi. Ijumaa sina kazi. Nipigie baada ya sala, mama akiwa karibu, tuusome ukurasa huo pamoja.

Wasalaam,

Dada yako akupendaye