Umeme upo, nguvu haipo

Swahiba,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanao. Huku sote wazima. Mama Mdogo ameshatolewa plasta, anatembea bila fimbo, na bado anakudai ile shuka yake. Najua tumenyamaziana muda mrefu, lakini hilo tutaliongea tukionana. Leo nakuandikia kwa haraka kwa sababu tumeifungulia kampuni ya umeme kesi ya madai, mahakama imeipokea, na nina ombi kwako ambalo si dogo.

Unaikumbuka mashine kubwa ya kutengeneza mabomba ya plastiki, ile uliyoifunga mwenyewe na Fundi Mkuu. Sasa hivi imesimama. Mota yake imeungua tena, imeshasukwa upya koili (waya zilizozungushwa ndani yake) na kurudishwa, na hatuthubutu kuiwasha jioni. Siku ilipoungua nilikuwa mbele ya paneli na kipimo mkononi: fezi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayotuletea umeme, ilisoma volti 198, ya pili 176, ya tatu 205. Mahali pa volti 230! Mota ilikuwa inanguruma kwa sauti nzito isiyo yake, mabomba yakaanza kutoka na mikunjo, kisha ikaja ile harufu. Kabla vijana hawajafika kwenye swichi, ilikuwa imekwisha. Plastiki ikaganda ndani ya silinda ya kuyeyushia. Unajua wewe mwenyewe kazi ya kuitoa: kupasha upya taratibu, kuvuta skrubu, kukwangua mabaki yaliyoungua hadi yamekuwa kahawia. Kuna kijana ameungua mkono kwenye kazi hiyo, anaendelea vizuri, lakini sijamsahau na sitaki kesi iishe bila kutajwa.

Sasa sikiliza utetezi wao. Wamewasilisha ripoti inayoonyesha kwamba katika kipindi chote tunacholalamikia laini yetu ilikatika mara chache tu, tena nyingi kwa matengenezo yaliyotangazwa. Basi. Kwa hesabu yao umeme ama upo au haupo, na kama taa ya barabarani inawaka, wewe huna cha kudai. Hiki ndicho kinachoninyima usingizi kuliko hasara yenyewe. Umeme ukikatika, mota inasimama na haiharibiki. Umeme ukipungua, mota inaendelea kujikaza huku inaungua ndani kwa ndani, na kwenye kumbukumbu zao hiyo inahesabiwa kuwa saa ya huduma nzuri. Na mita inaendelea kuhesabu! Ni sawa na kumuuzia mtu maziwa yaliyotiwa maji kisha umwonyeshe kwamba kikombe kilijaa.

Wakili wetu (yule yule wa kesi ya kiwanja, umri umekwenda lakini akili bado kali) aliniomba nimweleze kwa maneno ya kawaida kwa nini volti pungufu ni madhara na si usumbufu tu. Nilimweleza ulivyonieleza wewe. Kati ya fezi na fezi tunastahili volti 400 (zile 230 ni kati ya fezi moja na waya wa nyutro). Zikishuka hadi 320, mtu asiyejua atasema tumepoteza asilimia 20, tuvumilie. Lakini nguvu ya mota ya kuzungusha hufuata mraba wa volti, kwa hiyo inabaki asilimia 64. Hita nazo ni hivyo hivyo, joto linabaki asilimia 64. Yaani plastiki haijayeyuka vizuri, imekuwa nzito, na mota inayopaswa kuisukuma imedhoofika kwa wakati ule ule. Ili ifanye kazi ile ile inavuta ampea zaidi, yaani mkondo mkubwa zaidi wa umeme, na ampea ndizo zinazopasha koili. Halafu fezi zisipolingana, ndiyo balaa kabisa: volti zikipishana kwa asilimia 1 tu, ampea zinaweza kupishana mara 6 hadi 10 ya hapo. Wakili aliandika yote, kisha akaniuliza swali moja: nani atayasema haya mbele ya jaji? Mimi ni mdai. Mimi naweza kusema nilichokiona kwenye kipimo, siwezi kusimama kama mtaalamu kwenye kesi yangu mwenyewe.

Unaona barua hii inakoelekea. Lakini subiri kwanza, kuna mambo mengine unapaswa kuyajua.

Walikuja kupima. Unajua walikuja lini? Jumapili alasiri, karakana zote zimefungwa, laini nzima haina mzigo. Wakapata 228, wakaandika, wakaondoka. Hiyo ndiyo wameiweka mahakamani kama kielelezo chao. Sisi tulifunga kifaa cha kurekodi, kinachukua wastani wa kila dakika 10, mchana na usiku, na sasa tuna mlolongo wa wiki nyingi. Nimesoma kile kiwango cha Ulaya, EN 50160, ambacho mawakili wao wanapenda kukitaja: kinataka asilimia 95 ya wastani wa dakika 10 kwa wiki ziwe ndani ya asilimia 10 juu au chini ya volti ya kawaida. Nimekaa nikapiga hesabu. Wiki ina saa 168, asilimia 5 yake ni saa 8 na dakika 24. Kwa hiyo hata kwa kipimo hicho kilicholegea kiasi hicho, wanaruhusiwa kukosea saa 8 na dakika 24 kwa wiki. Sisi jioni mbili tu zinazimaliza. Nataka mtu anayejua aangalie kama hesabu yangu imesimama.

Kisha, tulipoandika barua ya tatu au ya nne, wakaja kupandisha tepu ya transfoma, yaani kiungo cha kurekebisha volti zinazotoka. Mchana tukapumua. Usiku, mzigo ulipopungua, volti zikapanda hadi taa za mlinzi zikapasuka na chaja ya jirani ikaungua. Wakarudi, wakashusha, na tatizo likarudi palepale. Kwangu mimi huo ni ushahidi mkubwa kuliko wote, maana anayepandisha tepu anajua kwamba volti ni pungufu. Na mahakama ilipowaamuru watoe nyaraka zao, ikapatikana taarifa ya mhandisi wao mwenyewe akisema transfoma imezidiwa na laini ni ndefu mno kwa unene wa waya ule. Iliandikwa kabla mota yetu ya kwanza haijaungua. Niliisoma mara mbili, nikatoka nje nikakaa kidogo.

Wakili amefurahi kwa sababu nyingine. Kwenye mkataba wetu kuna kile kifungu cha maandishi madogo kwamba kampuni haitawajibika kwa kukatika au kupungua kwa umeme, ila kwa uzembe mkubwa. Aliniletea kesi ya New York. Giza kuu la tarehe 13 Julai 1977, karibu mji mzima. Kampuni ya maduka ya vyakula, Food Pageant, iliishtaki kampuni ya umeme ya huko, Consolidated Edison, kwa vyakula vilivyoharibika na biashara iliyopotea. Con Edison nao walikuwa na kinga kama hii hii, uzembe wa kawaida hauwagusi. Baraza la wazee wa mahakama likaona huo haukuwa wa kawaida, na mwaka 1981 mahakama ya rufaa ya jimbo ikaukubali uamuzi huo. Kwa hiyo lango lipo, ni jembamba, na funguo yake ni kuonyesha kwamba walijua na wakaacha.

Wao nao wana kesi yao, na sitakuficha kwamba inanitia wasiwasi. Ni ya Birmingham, Uingereza, ya kiwanda cha Spartan Steel, iliamuliwa mwaka 1972. Wachimbaji wa barabara walikata kebo, kiwanda cha chuma kikakaa bila umeme saa 14 na nusu, chuma kikaanza kuganda kwenye tanuru. Nilipofika hapo niliiona silinda yetu. Jaji Lord Denning na mwenzake wakawapa wenye kiwanda pauni 368 za chuma kilichoharibika na pauni 400 za faida ya chuma kile kile. Walipodai pauni 1,767 za kazi nne nyingine ambazo wangezifanya katika muda ule, wakanyimwa, kwamba hiyo ni hasara ya fedha tupu isiyotokana na kitu kilichoharibika. Kwa mantiki hiyo sisi tungelipwa mota na plastiki iliyoganda, halafu oda zote tulizozikosa zife. Na oda ndizo zilizotumaliza, swahiba. Mteja wetu mkubwa amehamia kwingine na sidhani kama atarudi. Wakili anasema tofauti ni kwamba wale walikuwa wachimbaji, hawakuwa na mkataba wowote na kiwanda. Hawa wetu wanatuuzia umeme na kutulipisha kila mwezi. Naamini ana haki. Sijui jaji ataamini nini.

Jambo la jenereta linanichosha. Wanauliza, kwa nini hamkununua jenereta mapema? Tulinunua! Na sasa gharama ya mafuta ni sehemu ya madai, lakini sharti tuonyeshe saa zake zote na pia tutoe faida tuliyoipata kwa kuitumia. Eti kuna uamuzi wa Uingereza wa mwaka 1912, kuhusu mitambo ya Westinghouse iliyokuwa na nguvu pungufu kuliko ilivyoahidiwa: wenye reli wakanunua mitambo mingine bora, ikawaokolea makaa mengi hata akiba ikapita bei yake, basi wakashindwa kuidai bei hiyo. Yule wa stoo ndiye anayetunza daftari la jenereta na unamjua, hakuna lita inayompita. Hapo nina amani.

Sasa wametuita pembeni. Wanataka kutufungia transfoma yetu peke yetu, mpya, bure. Sisi tufute kesi, kila upande ubebe gharama zake, na tutie saini kwamba hatutalizungumzia jambo hili popote. Mshirika wangu anataka tukubali leo hii. Ana haki ya kuchoka, ameweka nyumba yake rehani. Lakini kwenye laini ile ile kuna wachomeleaji, kuna mashine ya kusaga, na kuna zahanati yenye friji ya chanjo. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na kompresa ya friji ikikosa volti za kuanzia inanguruma tu na kujizima, joto linapanda huku taa ya friji inawaka. Muuguzi wa pale alikuja akaniomba nakala ya rekodi zetu ili naye aandike kwa wakubwa wake. Nikisaini, sitaruhusiwa hata kumpa karatasi moja. Siwezi. Nimejaribu kujishawishi na siwezi.

Ombi langu ni hili: uwe shahidi wetu mtaalamu. Uzisome rekodi, uikague paneli uliyoifunga, uandike ripoti yako chini ya kiapo, na uje kuhojiwa. Watakubana. Watasema ufungaji wa ndani ndio mbovu, yaani kazi yako. Ndiyo maana nataka useme mwenyewe, maana ile kazi ilikuwa safi na michoro bado ninayo yote, na saini za wakaguzi wao wenyewe waliotuunganisha. Wakili anasema watajaribu pia kukuonyesha kama rafiki asiyeaminika. Kama unaona ni bora umtafute mhandisi mwingine asiyetufahamu na wewe utoe ushahidi wa ufungaji peke yake, nalo ni sawa.

Najua ofisi yako inaomba zabuni kwao. Sitaki uharibikiwe kwa ajili yangu, na nasema hivyo kwa moyo wangu wote. Lakini nisingekuuliza ningekuwa nimekuamulia, na hilo halifai kati yetu.

Basi nijibu haya. Je, mwajiri wako atakuruhusu, au hata kuuliza tu ni hatari? Sisi tukihamia kwenye transfoma yetu wenyewe, mzigo utakaobaki utaipa zahanati nafuu ya kweli au ni ya kuhesabika tu? Hilo nataka ulijibu hata kama mengine yote utayakataa, kwa sababu mshirika wangu anasema wote watanufaika na mimi sina uhakika wa kumpinga. Wastani wa dakika 10 unaficha mitikisiko ya sekunde chache, je, tukibadilisha sasa na kurekodi kwa kila dakika watasema tumechezea kifaa? Koili za mota zilizoungua tumezihifadhi, zinaweza kuonyesha kwamba iliungua kwa volti pungufu na si kwa kubebeshwa kazi nyingi? Na yule mwenzako wa chuo, aliyekuwa akipima laini kwa mdhibiti wa nishati, bado yuko? Anaongea na watu?

Majina ya mashahidi yanatakiwa mwisho wa mwezi huu. Rekodi nimeziambatanisha, pamoja na ile taarifa ya mhandisi wao. Ukurasa wa pili uusome kwa makini, aya inayohusu urefu wa waya. Ukinipigia, piga asubuhi.

Msalimu shemeji. Mwambie shuka iletwe na wewe mwenyewe.

Nduguyo wa karakana