Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: adrenalini isifungiwe kwenye kabati la dawa

Mheshimiwa Waziri,

Mwanangu yuko darasa la tatu, ana mzio (aleji) mkali wa karanga, na chembe yake tu inaweza kumtoa uhai. Muhula uliopita mwenzake alimgawia kipande cha keki. Midomo ikavimba, sauti ikakauka, akaanza kukohoa bila kupumzika. Sindano yake ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio huo, ilikuwepo shuleni. Niliipeleka mwenyewe siku ya kufungua shule. Lakini ilikuwa kabatini, kabati lina kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa ametoka. Kufuli likavunjwa kwa nyundo. Mtoto alipona.

Simlaumu aliyefunga. Alifuata utaratibu wa kutunza dawa zote, na utaratibu huo ndio ninaokuomba uubadilishe.

Dawa ya homa inaweza kungoja ufunguo. Mzio mkali hubana njia ya hewa na kushusha shinikizo la damu, pengine ndani ya dakika chache tu tangu mtoto ale. Tiba ya kwanza ni adrenalini, nayo hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya mzio hupunguza mwasho na upele, ila havimwokoi mtoto anayekosa pumzi. Nalitaja hili kwa sababu wapo walimu ambao, kwa nia njema kabisa, huanza na kidonge kisha wakasubiri waone. Mwanangu pia alitembezwa hadi ofisini, na hakuna aliyejua kwamba ilikuwa hatari: mtoto wa namna hiyo hulazwa pale pale alipo, miguu ikiinuliwa, au huachwa aketi kama anapumua kwa shida.

Mwalimu mmoja aliniuliza, “Nikimdunga nikakosea, nani atanitetea?” Swali hilo ni lako, Mheshimiwa. Jimbo la Ontario, nchini Kanada, lililijibu kwa Sheria ya Sabrina, iliyopewa jina la mwanafunzi aliyefariki kwa mzio mwaka 2003. Sheria hiyo ilianza kutumika Januari 2006. Inataka kila mtoto mwenye mzio mkali awe na mpango wake, wafanyakazi wafunzwe mara kwa mara, na inamkinga na madai yule aliyetenda kwa nia njema. Uingereza nayo, tangu Oktoba 2017, inaziruhusu shule kununua sindano za akiba bila cheti cha daktari. Akiba hiyo ina maana kubwa, kwani wapo watoto ambao mzio wao huonekana mara ya kwanza wakiwa shuleni.

Toa waraka, basi. Adrenalini iwekwe mahali panapojulikana na kila mtu mzima shuleni, pasipo kufuli. Mwalimu yeyote aliyefunzwa aruhusiwe kudunga na alindwe kisheria, kisha gari la wagonjwa liitwe hata kama mtoto ameanza kupata nafuu, maana dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Shule zinafunguliwa mwezi ujao. Nitaipeleka tena ile sindano, na mwalimu mkuu atahitaji waraka wako ili aniambie pa kuiweka.

Wako,
Mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu